Sura ya Sita: Nguzo za Msingi na Msukumo wa Ubavuni

Swali moja hujirudia kila daraja jipya linapojengwa juu ya maji, na kila gati jipya linapoongezwa bandarini: nguzo hizi, ambazo ni nyembamba ukizilinganisha na mzigo ulio juu yake, na ambazo zimezamishwa katika tope ambalo mtu hawezi hata kusimama juu yake, zinashikiliwa na nini meli inapoziegemea, mawimbi yanapozipiga au ardhi inapotikisika? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba nguzo hizo zimeshuka hadi kwenye mwamba, na kwamba kadiri zinavyokwenda chini ndivyo zinavyozidi kuwa imara. Jibu hilo ni sahihi kwa uzito unaoshuka kutoka juu. Kwa msukumo unaotoka ubavuni ni sahihi kwa sehemu ndogo tu, na kuchanganya mizigo hii miwili kumeangusha majengo ambayo nguzo zake, kwa hesabu za uzito, hazikuwa na kasoro yoyote.

Sura hii inaeleza jinsi nguzo ya msingi na udongo unaoizunguka vinavyogawana msukumo wa ubavuni. Jambo kuu litakaloonekana hatua kwa hatua ni kwamba msukumo huo hubebwa, karibu wote, na mita chache za udongo zilizo juu kabisa, yaani udongo uleule ambao mafuriko huusomba, mitambo huuchimba, kiangazi huupasua na wafanyabiashara wa mchanga huupakia kwenye malori.

Mizigo miwili, kazi mbili

Nguzo ya msingi ni mhimili mrefu wa zege, chuma au mbao unaozamishwa ardhini ili upeleke uzito wa jengo kwenye tabaka la udongo au mwamba lenye nguvu kuliko lile la juu. Huzamishwa ama kwa kugongelewa na nyundo ya mtambo, ama kwa kuchimba shimo refu, kushusha ndani yake kizimba cha nondo na kumimina zege. Uzito wa wima unaofika juu ya nguzo hupokelewa na vitu viwili: kitako cha nguzo kinachokaa juu ya tabaka gumu, na msuguano kati ya ubavu wa nguzo na udongo katika urefu wake wote. Kwa sababu hiyo, kila mita inayoongezwa chini huongeza uwezo wa kubeba uzito, na ndiyo maana watu wamezoea kuupima uimara kwa kina.

Msukumo wa ubavuni ni kani yoyote inayoilazimisha nguzo kwenda upande badala ya kwenda chini. Vyanzo vyake ni vingi kuliko inavyodhaniwa:

- upepo unaopiga jengo refu, mnara wa simu au bango la barabarani;
- mawimbi na mkondo wa maji, pamoja na magogo na magugu yanayonasa kwenye nguzo wakati wa mafuriko;
- meli inapoegeshwa, na kamba zake zinapolivuta gati baada ya kufungwa;
- magari na treni zinapofunga breki juu ya daraja;
- tetemeko la ardhi;
- udongo wenyewe, unapoteleza au unaposukumwa na uzito uliorundikwa karibu.

Chanzo cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na kitapewa nafasi yake mbele. Kwa sasa inafaa kutazama meli, kwa kuwa bandari za Dar es Salaam, Mombasa na Lamu hupokea meli kubwa zaidi leo kuliko zamani. Nishati ambayo meli huja nayo gatini hutegemea uzito wake na mraba wa mwendo wake, kwa hiyo meli inayokaribia gati kwa sentimita 20 kwa sekunde huja na nishati mara 4 ya ile ambayo ingekuja nayo kwa sentimita 10 kwa sekunde, ingawa kwa macho ya aliyesimama gatini miendo yote miwili huonekana kuwa ya kobe. Matakia makubwa ya mpira yaliyofungwa ukingoni mwa gati hupunguza makali ya nishati hiyo, lakini kani inayobaki lazima ipokelewe na nguzo, na nguzo haziwezi kuipeleka popote isipokuwa kwenye udongo.

Nguzo fupi hulala, nguzo ndefu hupinda

Nguzo ya umeme ya mtaani ni nguzo ya msingi pia, kwa kuwa nyaya huivuta, upepo huisukuma, na kilichoishikilia ni udongo peke yake. Kanuni inayotumiwa na mafundi katika nchi nyingi ni kuifukia kwa sehemu moja ya kumi ya urefu wake na kuongeza takribani sentimita 60, hivi kwamba nguzo ya mita 10 hukaa ardhini mita 1.6 hivi. Mvua ikinyesha mfululizo na udongo ukalegea, nguzo kama hiyo haivunjiki. Huinama nzima nzima, ikiwa imenyooka vilevile kama ilivyosimikwa, na mtu akilichunguza shina lake ataona udongo umetuna upande ule inakoinamia na ufa umefunguka upande wa pili.

Kinachotokea chini ya ardhi hapo ni mzunguko. Nguzo huzunguka kwenye nukta moja iliyo karibu na sehemu ya chini, ambayo mara nyingi huwa kwenye theluthi mbili hadi robo tatu ya kina chake: sehemu iliyo juu ya nukta hiyo husogea mbele na kusukuma udongo wa mbele, na ncha ya chini hurudi nyuma na kusukuma udongo wa nyuma. Nguzo ya namna hii huitwa nguzo fupi, na kinachoshindwa kwanza ni udongo. Ukiichimbia zaidi utaongeza nguvu yake kwa kiwango kikubwa.

Nguzo ya daraja, yenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 30, haina tabia hiyo. Kichwa chake kikisukumwa, sehemu ya juu husogea, sehemu inayofuata husogea kidogo, na kadiri mtu anavyoshuka msogeo hupungua upesi, hadi kwenye kina fulani ambako nguzo haina habari kabisa kwamba kichwa chake kimesukumwa. Kina hicho huitwa kina cha ukomo. Kwa nguzo nyingi kinakaribia mara 10 ya kipenyo, kikiwa kirefu zaidi katika tope laini na kifupi zaidi katika udongo mgumu. Nguzo iliyovuka kina hicho huitwa nguzo ndefu, na kinachoshindwa kwanza, ikizidiwa, ni nguzo yenyewe: hupinda kupita kiasi na kuvunjika mahali palipo chini kidogo ya uso wa ardhi, ambapo mtu wa juu hapaoni.

Tofauti hii iliwekwa wazi katika maandiko ya mhandisi Mswidi Bengt Broms mwaka 1964, ambaye alitoa njia rahisi za kukokotoa uwezo wa nguzo fupi na ndefu katika mchanga na katika udongo wa mfinyanzi, na njia hizo bado hufundishwa vyuoni. Matokeo yake kwa mwenye mradi ni ya moja kwa moja. Kwa nguzo iliyokwisha kuvuka kina cha ukomo, kulipia mita 10 zaidi za zege chini hakupunguzi hata milimita moja ya msogeo wa kichwa, ilhali kuongeza kipenyo husaidia sana, kwa sababu ugumu wa mhimili wa duara dhidi ya kupinda hukua kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne: kipenyo kikiwa maradufu, ugumu huwa mara 16.

Kuna miundo ya kisasa inayoifanya mipaka hii iwe na utata. Mitambo mingi ya kufua umeme wa upepo katika bahari za Ulaya husimama juu ya bomba moja la chuma lenye kipenyo kinachoweza kuzidi mita 8, lililogongelewa kwenye sakafu ya bahari kwa kina ambacho ni mara chache tu ya kipenyo hicho. Bomba hilo ni kubwa kuliko nyumba, lakini kwa tabia ni nguzo fupi. Utafiti ulioitwa PISA, ambao majaribio yake yalifanyika nchi kavu katika udongo wa mfinyanzi wa Cowden, Uingereza, na katika mchanga wa Dunkirk, Ufaransa, ulionyesha kwamba hesabu za zamani, zilizotokana na mabomba membamba, zilikuwa zinaudharau ukinzani wa udongo kwa nguzo nene kiasi hicho.

Udongo hujibu vipi?

Kani iliyo kichwani mwa nguzo haina maana mpaka ijulikane kwamba udongo utarudisha kani gani, na katika kina gani. Hapa ndipo penye utajiri wa somo zima, kwa sababu udongo haujibu kwa namna moja kuanzia juu hadi chini.

Karibu na uso wa ardhi, udongo ulio mbele ya nguzo una njia ya kukimbilia, nayo ni juu. Nguzo ikisonga, bonge la udongo lenye umbo la kabari hukatika na kupanda, na hicho ndicho kivimbe kinachoonekana mbele ya nguzo ya umeme iliyoinama. Kinachopinga msogeo hapo ni uzito wa kabari hiyo pamoja na ugumu wa udongo kukatika kwenye kingo zake, na vyote viwili ni vidogo kwa kuwa kabari ni ndogo. Chini zaidi, udongo hauwezi tena kupanda kwa sababu ya uzito ulioulalia, kwa hiyo njia pekee iliyobaki ni kuzunguka nguzo kutoka mbele kwenda nyuma, kama uji mzito unavyozunguka mwiko, na kazi hiyo inahitaji kani kubwa zaidi.

Wahandisi huieleza tofauti hiyo kwa kipimo kiitwacho nguvu ya mkato, yaani kiasi cha shinikizo ambacho udongo hustahimili kabla tabaka moja halijateleza juu ya jingine. Katika udongo laini wa mfinyanzi, shinikizo la juu kabisa ambalo udongo waweza kuirudishia nguzo ni takribani mara 3 ya nguvu ya mkato karibu na uso wa ardhi, nalo huongezeka kwa kina hadi kufikia mara 9. Msomaji atatambua ugumu uliojificha hapo. Sehemu ya nguzo inayosogea sana, na kwa hiyo inayouhitaji udongo zaidi, ni ya juu, na hiyohiyo ndiyo yenye udongo dhaifu zaidi. Udongo wa chini una nguvu, lakini nguzo haiufikii kwa msukumo wowote wa maana, na udongo usiosukumwa haurudishi kitu.

Ili kuifanya hali hii ihesabike, wahandisi hutumia wazo la mwaka 1867 la Emil Winkler, aliyekuwa akichunguza reli zilizolala juu ya ardhi: udongo huchukuliwa kuwa safu ya springi, kila springi ikiwa imesimama peke yake na kurudisha kani kulingana na jinsi ilivyobanwa. Kwa nguzo, springi hizo hulazwa ubavuni kutoka juu hadi chini. Springi ya dukani hurudisha kani maradufu ikibanwa maradufu, lakini udongo hauko hivyo, na swali lililobaki bila jibu kwa miaka mingi lilikuwa springi ya udongo ina tabia gani hasa.

Jibu lilitafutwa na waliohitaji kusimamisha majukwaa ya mafuta katika Ghuba ya Meksiko, ambako mawimbi ya vimbunga husukuma kwa nguvu kubwa. Hudson Matlock wa Chuo Kikuu cha Texas alitumia bomba la chuma lenye kipenyo cha takribani sentimita 32, lililozamishwa karibu mita 13 katika udongo laini wa Ziwa Austin, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1970. Katika urefu wa bomba vilibandikwa vipande vidogo vya kupimia mnyumbuko, ambavyo ni nyuzi nyembamba za metali zinazobadili upitishaji wake wa umeme zinapovutwa au kubanwa, kimoja upande wa mbele na kingine upande wa nyuma, jozi baada ya jozi kuelekea chini. Bomba liliposukumwa kichwani, kila jozi ilieleza bomba limepinda kiasi gani katika kina chake. Kutokana na orodha hiyo moja ya vipimo yalipatikana mambo mawili: kwa kujumlisha kupinda kutoka chini kwenda juu ilijulikana kila sehemu ya bomba imesogea umbali gani, na kwa kuangalia jinsi kupinda kulivyobadilika kutoka kina kimoja hadi kingine ilijulikana udongo wa pale umerudisha kani gani. Hakuna aliyehitaji kuchimba ili kuona.

Kwa kila kina, vipimo hivyo viwili viliwekwa pamoja katika mchoro mmoja wa msogeo na ukinzani, na mchoro huo ukawa msingi wa hesabu zinazotumika hadi leo. Unaonyesha kwamba udongo laini huanza kwa ukaidi, kisha hulegea upesi: kwa kanuni ya Matlock, ili udongo utoe uwezo wake wote, nguzo lazima isogee mara 8 ya umbali uliotosha kupata nusu ya uwezo huo. Mbunifu wa daraja hawezi kusubiri msogeo wa namna hiyo, kwa sababu daraja lililosogea sana lina kasoro hata kama halijaanguka. Ndiyo maana nguzo nyingi hupimwa kwa swali la kichwa kitasogea sentimita ngapi, kuliko kwa swali la udongo utashindwa lini.

> Kwa ufupi: Nguzo ndefu hupokea msukumo kwa sehemu yake ya juu tu. Udongo wa sehemu hiyo ndio dhaifu zaidi, na hulegea kadiri unavyosukumwa.

Msukumo unaorudiarudia

Meli hugusa gati mara moja na kutulia, lakini bahari haitulii. Nguzo inayosukumwa mbele na kurudishwa nyuma na mawimbi, maelfu ya mara katika dhoruba moja, hukutana na udongo ambao si uleule wa mwanzo. Katika udongo mgumu wa mfinyanzi ulio chini ya maji, msukumo wa kwanza huacha nafasi nyembamba nyuma ya nguzo, nafasi hiyo ikajaa maji, na nguzo inaporudi huyabana maji hayo yakafyatuka kwenda juu yakiwa yamebeba chembe za udongo. Wimbi linalofuata hukuta nafasi iliyo pana kidogo zaidi. Baada ya muda, nguzo huwa imejichimbia yenyewe shimo katika mita za juu, na kina kinachofanya kazi huwa kimehamia chini.

Mchanga una tabia nyingine. Hauwezi kuacha nafasi wazi, kwa kuwa chembe zake huporomoka na kujaza nyuma ya nguzo, na mtu aliye juu huona kibonde kidogo kikijifanya kuizunguka. Majaribio ya mwaka 1966 katika kisiwa cha Mustang, Texas, yaliyofanywa na Lymon Reese na wenzake kwa mabomba ya kipenyo cha sentimita 61, ndiyo yaliyotoa michoro ya mchanga inayolingana na ile ya Matlock kwa udongo laini.

Katika Afrika Mashariki kuna mrudio wa aina yake usiohitaji bahari. Udongo mweusi wa mbuga, uliotapakaa katika nyanda za Kenya na Tanzania, huvimba masika na kusinyaa kiangazi, hadi nyufa zinazoweza kumeza mkono zikafunguka. Ukisinyaa, huachana na nguzo katika sehemu ya juu. Mbunifu mwangalifu huihesabu sehemu hiyo kana kwamba haipo, na kuanza kuuhesabu ukinzani kutoka kina ambacho unyevu haubadiliki mwaka mzima. Mzigo wa upepo haungoji mvua zirudi.

Nguzo zikiwa kundi

Ni nadra nguzo moja kuachwa ibebe mzigo peke yake. Kwa kawaida vichwa vya nguzo kadhaa hufungwa pamoja na bamba nene la zege lenye nondo, na kufungwa huko kuna faida kubwa: nguzo ambayo kichwa chake kimezuiwa kuinama husogea takribani nusu ya ile iliyoachwa huru, udongo na msukumo vikiwa vilevile. Hata hivyo, pale penye bamba ndipo mkazo wa kupinda unapokuwa mkubwa zaidi, na nondo zisipoingia vya kutosha katika bamba, faida hiyo hupotea siku ileile inapohitajika.

Hasara ya kundi ni kivuli. Nguzo ya mstari wa mbele husukuma udongo ambao haujaguswa, ilhali ya mstari wa pili husukuma udongo uliokwisha kulegezwa na msogeo wa ile ya mbele. Miongozo ya madaraja ya Marekani, kwa nguzo zilizopangwa kwa umbali wa mara 3 ya kipenyo, humpa mbunifu asilimia 80 ya ukinzani wa kawaida kwa mstari wa mbele, asilimia 40 kwa wa pili na asilimia 30 kwa iliyobaki. Wanaoamini kwamba nguzo 9 zina nguvu mara 9 ya nguzo moja wanapaswa kuitazama hesabu hiyo mara mbili.

Zamani magati mengi yalitegemea nguzo za mshazari, zilizoinamishwa makusudi ili msukumo wa ubavuni ugeuke kuwa mgandamizo na mvuto katika urefu wa nguzo. Kwa meli na mawimbi njia hiyo hufanya kazi vizuri. Kwa tetemeko la ardhi ina hatari, kwa sababu nguzo hizo ni kaidi mno na huvuta sehemu kubwa ya kani kwao. Katika tetemeko la Loma Prieta la mwaka 1989, bandari ya Oakland huko California ilipata hasara kubwa hasa pale vichwa vya nguzo za mshazari vilipoungana na sakafu ya gati.

Udongo unapogeuka kuwa mzigo

Hadi hapa udongo umekuwa msaidizi. Kuna wakati ambapo ndio unaosukuma.

Asubuhi ya tarehe 27 Juni 2009, jengo la ghorofa 13 lililokuwa likimaliziwa katika wilaya ya Minhang, Shanghai, lilianguka ubavu na kulala chini likiwa karibu zima, na mfanyakazi mmoja akafariki. Picha zake zilienea duniani kote, na kilichowashangaza watu ni nguzo za msingi zilizokuwa zimechomoza kutoka kwenye kitako cha jengo zikiwa zimekatika. Wengi walihitimisha kwamba nguzo zilikuwa hafifu kwa jengo lile. Hitimisho hilo halikugusa kiini cha jambo. Upande mmoja wa jengo palikuwa pamechimbwa shimo la mita 4.6 kwa ajili ya maegesho ya chini ya ardhi, na udongo uliotolewa ulirundikwa upande wa pili, kwa muda mfupi, hadi kimo cha karibu mita 10.

Mtu akiyafuatilia yaliyotokea chini, ataona sheria zote zilizokwisha elezwa zikifanya kazi kinyume. Rundo la mita 10 liliulalia udongo laini wa Shanghai kwa uzito ambao haukuwahi kuubeba, na udongo huo ukatafuta njia ya kukimbilia. Njia ilikuwepo, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa umeondolewa mita 4.6 zilizokuwa zikiuzuia. Udongo ukasogea kutoka rundoni kuelekea shimoni, na katikati ya safari yake zilikuwepo nguzo. Nguzo hizo zilikuwa za zege lenye uwazi katikati, zilizobuniwa kubeba uzito wa wima, kazi ambayo zilikuwa zikiifanya vizuri hadi saa ile. Mita za juu za udongo, ambazo zilitakiwa kuzishikilia, ndizo zilizozisukuma, na upande wa shimo hapakuwa na kitu cha kuegemea. Jengo lilipoanza kuinama, uzito wake wenyewe ulikamilisha kazi.

Miji ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala inajenga maghorofa yenye maegesho ya chini, mara nyingi ubavuni mwa jengo lililokwisha simama, na mahali pa kuweka udongo uliochimbwa huamuliwa na dereva wa mtambo kwa kuangalia penye nafasi. Uamuzi huo ni wa kihandisi, na unastahili kuandikwa katika michoro kama nondo zinavyoandikwa.

Udongo unaweza pia kusogea bila kurundikiwa kitu. Tetemeko la Niigata, Japani, la tarehe 16 Juni 1964, lililokuwa na ukubwa wa 7.5, liliutikisa mchanga uliojaa maji hadi ukageuka kuwa kama majimaji, hali inayoitwa umiminikaji wa udongo: chembe za mchanga hupoteza mgusano kati yao, maji yaliyo kati yake yakabeba uzito wote, na ardhi yenye mteremko mdogo sana ikateleza kuelekea mtoni. Daraja la Showa, lililokuwa limekamilika muda mfupi tu kabla ya hapo, liliangusha sehemu tano za sakafu yake. Wahandisi bado wanajadiliana kama lililoliangusha ni udongo ulioteleza, au ni nguzo zilizobaki ndefu na tepetevu baada ya udongo wa juu kupoteza nguvu, lakini maelezo yote mawili yanakubaliana kwamba tatizo lilianzia katika mita za juu. Katika mji huohuo, jengo moja liliendelea kutumika kwa takribani miaka 20 baada ya tetemeko, na nguzo zake zilipofukuliwa baadaye zilikutwa zimevunjika, kwa sababu ardhi ilikuwa imesogea zaidi ya mita 1 huku jengo likiendelea kusimama juu yake. Uzito wa wima ulikuwa bado umepata pa kukaa.

Mita zinazopotea

Mto unapokutana na nguzo, maji yaliyo mbele yake huzama, huzunguka kwa kasi shina la nguzo na kuchimba. Mmomonyoko huu wa shinani huongezeka wakati wa mafuriko, na mara nyingi shimo hujazwa tena na mchanga laini maji yanapopungua, hivi kwamba mkaguzi anayefika kiangazi hukuta sakafu ya mto ikionekana salama, ilhali mchanga ulioko hapo ni wa juzi na hauna nguvu ya ule uliohesabiwa. Katika mito yenye mchanga mwingi unaohamahama, kama Rufiji, sakafu ya mto ni kitu kinachobadilika kila msimu, na mbunifu hulazimika kuchora mstari wa sakafu ya chini kabisa inayotarajiwa, kisha kuzihesabu nguzo zake kuanzia hapo.

Mstari huo unaweza kuvukwa na binadamu upesi kuliko maji. Tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro katika Mto Douro, Ureno, lilipoteza nguzo moja wakati wa mafuriko na watu 59 wakafa, baada ya miaka mingi ya mchanga kuchotwa mtoni. Nguzo ile ilikaa juu ya msingi wa aina nyingine, si nguzo za kugongelea, lakini kilichoondolewa kilikuwa kilekile. Nchini Kenya, kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na ingawa mjadala wake ulihusu zaidi maji ya wananchi, madaraja nayo yalikuwa na maslahi humo.

Hesabu ya hasara ni kali. Nguzo iliyosimama wazi mita 4 juu ya sakafu ya mto, sakafu ikishuka mita 4 nyingine, huwa imesimama wazi mita 8, na kwa kuwa kupinda kwa sehemu iliyo wazi hukua kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, sehemu hiyo peke yake husogea mara 8 kwa msukumo uleule. Mita 4 zilizoondoka pia ndizo zilizokuwa zikifanya kazi, kwa hiyo nguzo huanza upya na udongo mwingine chini yake, ikiwa imebaki na kina kidogo cha kuegemea. Uwezo wake wa kubeba uzito wa wima waweza kuwa haujapungua sana, na magari yataendelea kupita juu bila dalili yoyote.

Kinachofanya uchotaji wa mchanga uwe mgumu kudhibitiwa ni kwamba hauhitaji kufanyika chini ya daraja. Shimo lililochimbwa mbali, upande mto unakoelekea, huacha ngazi katika sakafu ya mto, na maji yanayoanguka kwenye ngazi hiyo huila kidogo kidogo, ngazi ikarudi nyuma msimu baada ya msimu kuelekea juu hadi ikalifikia daraja. Kwa hiyo kanuni ya umbali inayolinda mita chache tu kuzunguka nguzo hailindi nguzo. Kinacholinda ni kupima sakafu ya mto kila baada ya masika, mahali palepale, kwa kamba yenye uzito au kwa chombo cha mawimbi ya sauti, kuiandika namba karibu na mstari uliochorwa na mbunifu, na kuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuyasimamisha malori namba hizo mbili zinapokaribiana.